Maneno ya Yoga na Kukua kwa Moyo

Maneno husafiri kama watu. Mengine hufika ugenini pamoja na mizigo yake yote. Mengine hufika yamenyang'anywa kila kitu njiani, yamebaki jina tu. Maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, yamesafiri mbali sana. Mwaka 1893 Swami Vivekananda alisema mbele ya mkutano mkubwa wa dini huko Chicago, na mwaka 1896 akatoa kitabu chake Raja Yoga. Tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani wameyazoea maneno hayo, na leo hata katika miji ya Afrika utasikia yoga, karma, guru na mantra. Mwezi wa Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitengea yoga siku yake, tarehe 21 Juni, na siku hiyo ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka 2016 UNESCO nayo iliiandika yoga katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi neno limepata heshima. Lakini je, mtu anayelitamka anakua ndani yake? Au amepata pambo jipya la mdomo tu? Ili kujibu, nimekisoma kwa utaratibu kitabu ambacho wengi hukitaja kuwa shina la mafundisho hayo, yaani Yoga Sutra ya Patanjali, pamoja na wafafanuzi wake wa kale. Nataka kuwaeleza ninachokisifu, na pia mahali ninapokataa kumfuata mwenye kitabu.

Kitabu chenyewe

Kitabu hiki ni kidogo. Kina mistari 195, au 196 kwa hesabu ya nakala nyingine, katika sehemu nne. Ungeweza kukisoma chote kwa sauti kabla maharagwe hayajaiva jikoni. Wataalamu wengi hudhani kiliandikwa karibu na mwaka 400 baada ya Kristu. Kila mstari huitwa sutra, maana yake uzi, na kweli ni uzi mtupu: maneno machache, mara nyingi bila kitendo, yanayomngojea mwalimu atie shanga. Ndiyo sababu tangu zamani hakisomwi peke yake, bali pamoja na ufafanuzi unaoitwa wa Vyasa. Wala si Wazungu waliokuwa wageni wa kwanza kukijua. Mwislamu al-Biruni, mtaalamu mkubwa wa nyota na hesabu, alikigeuza kwa Kiarabu tangu karne ya 11.

Anayekifungua akitafuta picha za watu waliojikunja atashangaa. Katika mistari ile yote, mitatu tu inasema juu ya asana, yaani mkao wa mwili, nayo inataka tu mtu aweze kukaa imara bila kuumia. Mazoezi mengi tunayoyaona leo yamepangwa upya katika karne ya 20. Tirumalai Krishnamacharya aliyafundisha katika jumba la mfalme wa Mysore miaka ya 1930, na mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar aliyaeneza duniani kwa kitabu chake Light on Yoga cha mwaka 1966, chenye picha karibu 600. Siyalaumu mazoezi hayo. Mgongo wenye afya ni zawadi. Nasema tu kwamba Patanjali alikuwa na shauri jingine, nalo ni shauri la moyo.

Neno yoga lina maana gani?

Wengi husema yoga ni muungano. Wana sababu. Neno hili latoka katika shina yuj, kufunga pamoja, nalo ni ndugu wa neno la Kilatini jugum, nira ile inayowafunga ng'ombe wawili shingoni. Lakini wanasarufi wa Kisanskriti walitenga mashina mawili ya yuj: moja la kuunganisha, na moja la kukusanya mawazo mahali pamoja. Vyasa, mwanzoni kabisa mwa ufafanuzi wake, alichagua la pili. Naye mfalme Bhoja, aliyekifafanua kitabu hiki katika karne ya 11, alithubutu kusema kwamba yoga hapa ni kutengana!

Kutengana kwa nini na nini? Patanjali anafuata mafundisho yanayoitwa Samkhya. Kwayo vipo vitu viwili: purusha, shahidi anayetazama, na prakriti, yaani vyote vinavyotazamwa na kugeuka: dunia, mwili, hata mawazo yetu na majivuno yetu. Taabu ya mtu ni kuvichanganya. Yeye ni kama mtazamaji wa sinema anayepiga makelele kwa hofu, akidhani ni yeye anayefukuzwa. Yoga ni kazi ya kumrudisha kwenye kiti chake.

Kazi hiyo inafanyika katika chitta. Vitabu vya Kifaransa na Kiingereza hugeuza neno hili kuwa akili, na hapo msomaji hupotea, kwa kuwa kwa Wazungu akili ni jambo la kichwa. Kiswahili kinatusaidia vizuri zaidi. Sisi husema mtu aliwaza moyoni, alikumbuka moyoni, alikata shauri moyoni. Moyo wetu hufikiri, hutamani, hukumbuka na hujivuna. Basi chitta ni moyo. Nayo vritti ni mizunguko yake, kama maji ya mto yanayozungukazunguka penye mawe. Patanjali anataja mizunguko mitano, na katika hiyo mmoja umenigusa kuliko yote. Unaitwa vikalpa: ni maarifa yanayofuata maneno matupu, bila kitu chochote nyuma yake.

Angalieni jambo hili. Mwenye kitabu alijua ugonjwa wa wasomaji wake miaka elfu na mia sita kabla hawajazaliwa. Mtu aliyeandika om ukutani na kulitaja neno karma kila jirani anapopata msiba, huku moyo wake haujasogea hata hatua moja, hana haja ya kulaumiwa na mtu wa nje. Kitabu chenyewe kina jina la hali yake.

Mlango wa kwanza ni jirani

Njia ya Patanjali ina viungo vinane. Mkao wa mwili ni cha tatu, kuongoza pumzi ni cha nne, kutafakari hufuata mbali. Cha kwanza ni nini? Ni yama, makatazo matano: ahimsa, kutoumiza kiumbe, satya, kusema kweli, asteya, kutoiba, brahmacharya, usafi wa mwili, na aparigraha, kutolimbikiza mali. Yote matano yahusu hasa tunavyokaa na wengine. Hakuna hata moja linalohitaji mkeka au chumba chenye ukimya. Kabla mtu hajaambiwa afumbe macho, anaambiwa amwangalie jirani yake.

Vyasa anasema makatazo mengine manne yana mizizi yake katika lile la kwanza, kutoumiza. Hata ukweli hupimwa hapo. Neno likiwa sahihi, lakini limesemwa ili kuwaangamiza viumbe, Vyasa halihesabu kuwa kweli, bali dhambi. Mtu achunguze kwanza, halafu aseme yaliyo kweli na yenye kuwafaa wote. Sote twamjua mtu anayejisifu: mimi sifichi, nasema kweli tupu. Akiisha kusema, ndoa imevunjika na ndugu hawaamkiani. Ulimi hauna mfupa. Kwa kipimo cha Vyasa mtu huyu hajaanza satya. Ametumia ukweli kama fimbo.

Sasa nafika penye uzuri mkubwa wa kitabu hiki. Patanjali anasema makatazo hayo huwa nadhiri kuu yanapokosa mpaka: mpaka wa aina au ukoo, wa mahali, wa wakati, wala wa desturi. Vyasa aongeza mifano. Mvuvi asema: simwumizi kiumbe yeyote, isipokuwa samaki. Mwingine asema: siui mahali patakatifu. Mwingine: siui siku fulani ya mwezi. Na askari asema: siui, isipokuwa vitani. Kila mmoja ana ahimsa yake, lakini ina tundu, na kwa tundu lile nyumba yote huvuja.

Wasomaji wapenzi, neno hili isipokuwa ni letu sote. Nampenda kila mtu, isipokuwa wa ng'ambo ile. Sichukui cha mtu, isipokuwa cha serikali. Sisemi uongo, isipokuwa kazini. Katika nchi iliyopitiwa na vita mara nyingi kama Kongo yetu, hatuna haja ya mwalimu wa kutuonyesha damu inayotoka katika isipokuwa moja ndogo. Walioua jirani zao hawakusema kwamba kuua ni kwema. Walisema tu: hawa ni wengine. Kwa hiyo, nikiulizwa kukua ndani ni nini, kwa kitabu hiki ningejibu hivi: ni kuzipunguza isipokuwa zetu, moja moja, mpaka ziishe.

Rangi na mto

Kuzipunguza kwa namna gani? Patanjali anatoa maneno mawili yanayokwenda pamoja: abhyasa na vairagya.

Abhyasa ni mazoezi, lakini si ya juma moja. Mwenye kitabu anadai muda mrefu, bila kukatiza, na kwa moyo wa uangalifu. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Kila tendo, kadiri ya mafundisho haya, huacha alama moyoni iitwayo samskara, kama miguu inavyoacha alama katika majani. Mtu akipita mara moja, majani yanainuka tena. Akipita kila siku, njia inaonekana, na kesho hata asiyeijua ataifuata. Hasira ina njia yake ndani yetu. Uvumilivu nao huweza kupata yake, tukikubali kuikanyaga.

Vairagya kwa kawaida hugeuzwa kuwa kuacha dunia. Lakini tazameni shina lake. Raga ni tamaa, na asili yake ni rangi, kutiwa rangi. Vairagya ni kuondokewa na rangi. Wanawake wanaofua wanaelewa mara moja: kitenge kipya huchujuka, na kila nguo iliyolowekwa pamoja nacho hupata madoa. Moyo wenye tamaa ndivyo ulivyo. Umemtazama mtu, umemtia rangi ya faida yako. Umetazama cheo, umekitia rangi ya njaa yako. Mwenye vairagya hachukii watu wala vitu. Anaviona kwa rangi yake yenyewe.

Vyasa ayaunganisha maneno hayo mawili kwa mfano wa mto. Moyo, asema, ni mto unaoweza kushuka pande mbili, upande wa wema na upande wa uovu. Vairagya huziba upande mmoja, abhyasa hufungua mwingine. Mfano huu nauona bora kuliko mahubiri mengi. Anayeziba tu, bila kufungua, maji yatafurika na kubomoa. Ndiye mtu mkali, mwenye kufunga na kujinyima, lakini asiyevumilika nyumbani. Anayefungua tu, bila kuziba, atashangaa mbona maji hayafiki shambani.

Maneno yanayoweza kugeuzwa silaha

Baada ya sifa, sasa lawama. Kiungo cha pili cha yoga, niyama, kina neno santosha, kuridhika. Ni neno zuri kwa mtu anayelielekeza kwake mwenyewe. Lakini mara ngapi tumesikia tajiri akimhubiria maskini kuridhika, au bwana akimhubiria mkewe subira, naye hana hata robo yake? Santosha iliyoamriwa na anayefaidika ni hila. Haki inatudai tukumbuke kwamba kitabu chaweka aparigraha, kutolimbikiza, kabla ya santosha. Asiyeanza na la kwanza asilifundishe la pili.

Neno jingine ni upeksha. Patanjali ashauri namna nne za kuusafisha moyo: urafiki kwa wenye heri, huruma kwa wenye taabu, furaha kwa watenda mema, na upeksha, yaani kutojishughulisha, kwa watenda maovu. Tatu za kwanza nazikubali kwa mikono miwili. Tena ya tatu ni ngumu kuliko tunavyodhani, maana wema wa jirani hutuuma mara nyingi kuliko dhambi yake. Lakini ya nne? Naelewa anachotaka: anayemtazama mwovu saa zote hushikwa na hasira, na moyo wake huchafuka. Ni kweli. Walakini yule anayeumizwa na mwovu huyo afanyeje, wakati mimi nautunza utulivu wangu?

Hapo naona mpaka wa kitabu. Mwisho wa njia yake ni kaivalya, upweke. Shahidi amejitenga na vyote, ametulia, amekuwa peke yake. Safari iliyoanza kwa jirani inaishia mahali pasipo na jirani. Sisi tuliolelewa na methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa hatuwezi kuupokea mwisho huo bila kuuliza: waliosaidia kuutuliza moyo wangu, kwa subira yao na kwa chakula chao, wamebaki wapi?

Jibu kutoka Bara Hindi kwenyewe

Wala tusidhani swali hili ni la Waafrika peke yao. Kitabu kingine cha Wahindi, Bhagavad Gita, chasema pia juu ya yoga, lakini yoga ya kazi: mtu atende wajibu wake bila kushikamana na faida yake. Tena chataja sababu moja ya kutenda iitwayo lokasangraha, kuishikilia dunia pamoja isisambaratike. Kwa Gita mwenye hekima hana ruhusa ya kuondoka kazini kwa kuwa yeye ametulia.

Mohandas Gandhi alikipenda kitabu hicho, akakitafsiri kwa Kigujarati na kukitoa mwaka 1930. Naye ndiye aliyeyatoa makatazo ya yoga pangoni na kuyaleta barabarani. Alianzia hapa Afrika. Mwezi wa Septemba 1906, mjini Johannesburg, Wahindi waliapa kutoitii sheria ya kuwaandikisha kwa dharau, na vita vyao visivyo na silaha vikapewa jina satyagraha, kuishika kweli kwa nguvu. Ahimsa haikuwa tena kutojishughulisha na mwovu. Ilikuwa kumzuia bila kumchukia. Alipofungua nyumba ya jumuiya yake karibu na Ahmedabad mwaka 1915, nadhiri zile tano zikawa miongoni mwa kanuni za watu wanaopika, wanaolima na wanaogombana pamoja. Upeksha imepata dawa yake.

Lakini mwenye kusifu na aseme yote. Katika miaka yake ya kwanza huko Afrika ya Kusini, Gandhi huyo huyo aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika, akitaka Wahindi wasihesabiwe pamoja nao. Baadaye maneno yake juu ya Waafrika yaligeuka, lakini yale ya kwanza hayakufutika. Mwezi wa Desemba 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana kwa ajili hiyo. Silitaji ili kumdharau. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha ukweli wa Vyasa: hata katika moyo mkubwa huweza kukaa isipokuwa moja, na mwenyewe asiione.

Tuchukue nini?

Wakristu wengine walikwisha kujaribu kuchagua. Mmonaki Mbenediktini Jean-Marie Déchanet, wa abasia ya Saint-André karibu na Bruges, ambaye baadaye aliishi pia katika monasteri ya Kansenia, Katanga, alitoa mwaka 1956 kitabu La Voie du silence. Alichukua mkao wa mwili na kuongoza pumzi vimsaidie kunyamaza na kusali, akayaacha mafundisho juu ya purusha. Kazi yake ni ya heshima, nami namshukuru kwa uwazi wake: alisema anachochukua na anachoacha. Hata hivyo naona aliyoyachukua ndiyo yaliyo rahisi kubeba. Mkao na pumzi ni viungo vya tatu na nne. Mimi ningependa zaidi tuazime cha kwanza, hasa lile fundisho la nadhiri isiyo na mpaka, maana ndilo tunalolihitaji zaidi katika vijiji na miji yetu.

Basi, neno kubwa la kigeni likikufikia, usiliogope, wala usilivae haraka. Lipe maswali matatu. Kwanza: linaniagiza kazi gani leo, kabla ya jua kutua? Likiwa halina kazi, ni vikalpa. Pili: nalitumia kujipima mimi, au kumnyamazisha mwingine? Tatu: linaniacha wapi mwishoni, pamoja na wenzangu au peke yangu?

Ahimsa imeyajibu yote matatu vizuri. Abhyasa na vairagya zimejibu vizuri mawili ya kwanza, na kwa la tatu zinangoja mto wao uelekezwe kwenye shamba la watu wengi. Kaivalya, kwa hukumu yangu, imeshindwa la tatu, ingawa aliyeifundisha ni mmoja wa wajuzi wakubwa wa moyo wa mtu. Nanyi wasomaji, msiniamini tu. Shikeni neno moja, ahimsa, kwa muda wa mwezi mmoja, nyumbani, sokoni na kazini, na kila jioni mhesabu mara ngapi mmesema isipokuwa.